Moshi wa Mwisho wa Reli: Vichwa vya Treni Vilivyofika Mpanda

Reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya watu wa Mpanda. Ilijengwa kwa ajili ya risasi, yale madini mazito yaliyogunduliwa Mukwamba katika miaka ya 1930, kwenye nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na shimo, lakini haikuwa na njia. Masika yakishika, barabara za udongo zilikatika, na mzigo wa risasi si mzigo wa kubebwa kichwani. Bei ya madini ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ikakubali kuchepusha tawi la Reli ya Kati kutoka Kaliua, magharibi ya Tabora, kwenda kusini kupitia mto Ugalla na msitu wa miombo usio na mwisho. Kilomita 210. Mwaka 1950 treni zikaanza kufika Mpanda.

Tangu wakati huo tawi hili limebadilishiwa vichwa vya treni mara kadhaa, na moshi wake umebadilika kila mara: wa kuni, wa mafuta mazito, wa dizeli. Ukifuatilia kwa nini kila badiliko lilifanyika, utakuta bei ya mafuta, uzito wa mzigo, upungufu wa maji au ugomvi wa siasa. Pumzi ya mtu haikuwahi kuingia kwenye hesabu. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi treni ya umeme inasifiwa kana kwamba ilijengwa ili kusafisha hewa. Hewa imefaidika, hilo ni kweli. Lakini imefaidika kama jirani anavyofaidika na taa ya nyumba ya pili.

Turudi kwenye kuni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wajerumani walichoma kuni, na Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuona sababu ya kuacha. Makaa ya mawe yangepaswa kuletwa kwa meli kutoka mbali, ilhali msitu ulikuwa mlangoni. Injini ya mvuke haina adabu ya mlo: inakula kutwa, na hata ikisimama stesheni moto wake lazima ulishwe. Palikuwa na watu ambao kazi yao yote ilikuwa kukata magogo, kuyapanga kando ya reli na kungoja garimoshi lipite kuyachukua. Miti iliyokua kwa miaka mingi iliteketea kati ya stesheni mbili. Dereva na mchocheaji wake waliishi ndani ya moshi na cheche, na majira ya kiangazi cheche hizo ziliweza kuwasha nyasi kavu pembeni mwa reli.

Mwaka 1948 Reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, likazaliwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Makao makuu yalikuwa Nairobi, na Nairobi ndiyo iliyoamua kichwa gani kiende wapi. Katika miaka ya 1950 shirika likaagiza injini mpya za mvuke za daraja la 29, 30 na 31. Mbili za mwanzo ziliundwa Glasgow, na ya tatu Newton-le-Willows huko Uingereza. Zilikuwa nyepesi kwa makusudi, maana reli za matawi hazikuweza kubeba madubwana kama zile injini za Garratt zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa. Zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, jina kwa kila injini, likiandikwa kwenye bamba la chuma ubavuni. Moja yao, namba 3020, iliitwa Nyaturu, kwa heshima ya watu wa Singida. Leo iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na Mnyaturu akitaka kuiona lazima avuke mpaka.

Kadiri miaka hiyo ilivyosonga, mafuta mazito yalichukua nafasi ya kuni. Msitu ukapumua kidogo. Binadamu hakupata nafuu hiyo. Mafuta mazito ni machicha yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kuvunwa, yenye salfa nyingi, na yakiungua vibaya hutoa moshi mweusi wa kunata. Shirika halikubadilisha kwa kuuhurumia msitu. Tangi la mafuta linajazwa kwa bomba mara moja, ilhali kuni zinahitaji jeshi la wakataji, wapangaji na wapakizi, na kila mmoja anataka ujira wake.

Kisha mgodi ukafungwa. Mwaka 1960, miaka kumi tu tangu reli ifike, Uruwira Minerals ilisimamisha kazi Mukwamba. Kwa mantiki ya kikoloni, reli iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mmoja hufa na mzigo wake. Ndivyo ilivyokuwa kusini, ambako reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanguka, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ile ya Mpanda ilibaki, na kubaki kwake kulibadilisha maana ya mji. Mahindi, mpunga, tumbaku, asali na mbao vilipata mahali pa kupitia. Baada ya mauaji ya Burundi ya 1972, maelfu ya wakimbizi walipewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo mwaka 1978. Walifyeka, wakalima, na mavuno yao yakawa sehemu ya mzigo wa reli. Mstari uliochorwa kwa ajili ya wanahisa wa mgodi ukawa wa wakulima na wakimbizi.

Dizeli ilikuja wakati uleule wa kufungwa kwa mgodi. Mwaka 1960 shirika la Afrika Mashariki lilipokea vichwa vyake vya kwanza vikubwa vya dizeli vya njia kuu, kutoka kampuni ya English Electric ya Uingereza. Kwa watu wa Reli ya Kati, sifa yake kubwa ilikuwa maji. Ukanda wa kati wa Tanganyika ni mkavu, na injini ya mvuke bila maji ni chuma tu. Kichwa cha dizeli hakihitaji tangi la maji kila baada ya stesheni kadhaa, hakihitaji kuwashwa saa nyingi kabla ya safari, hakihitaji mchocheaji. Tena kinasafiri mbali bila kupumzika. Wahasibu walikipenda mara moja. Wachocheaji na wakataji kuni hawakuulizwa.

Inafaa kueleza kidogo jinsi kinavyofanya kazi, maana watu wengi hudhani injini yake inazungusha magurudumu moja kwa moja kama ya lori. Sivyo. Katika vichwa vikubwa vya aina hii, injini ya dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huo huendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo treni ya dizeli ya Mpanda ni treni ya umeme tangu zamani, ila hubeba kituo chake cha kuzalisha umeme mgongoni kama konokono na nyumba yake. Tofauti kati yake na treni mpya ya umeme ya Dodoma iko hapo tu: moshi unatokea juu ya kichwa cha treni, mbele ya pua za abiria, au unatokea mbali, au hautokei kabisa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la reli likavunjika nayo. Wahasibu na mawakili walibishana muda mrefu nani achukue kichwa kipi, behewa lipi, deni lipi. Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania, TRC, lililorithi mchanganyiko wa injini za mvuke na dizeli, karakana zenye upungufu wa vipuri, na reli nyepesi zilizochoka. Vichwa vilivyobeba mzigo wa miaka iliyofuata vilikuwa hasa vya daraja la 88, vilivyoundwa Montreal, Kanada, na vya daraja la 73, vilivyoundwa Varanasi, India. Mabara mawili tofauti, lakini injini zake ni za ukoo mmoja, uliobuniwa na kampuni ya ALCO ya Marekani.

Ukoo huo unajulikana duniani kwa mambo mawili: uvumilivu na moshi. Yeyote aliyewahi kusimama stesheni ya Tabora au Mpanda treni ikiondoka anaijua picha. Honi inalia. Mabehewa yanavutana moja baada ya jingine, kilio cha chuma kinakimbia kutoka mbele hadi nyuma. Dereva anasogeza mkono wa kuongeza nguvu, na kabla treni haijatembea hata urefu wa behewa moja, wingu zito jeusi linaruka juu wima, linakatika, linaanguka kwenye mabati ya nyumba za jirani. Sababu yake ni rahisi. Injini inamwagiwa dizeli nyingi kwa ghafla, lakini tabo yake, ile feni inayosukuma hewa ndani, inazungushwa na moshi wenyewe, na bado haijapata kasi. Dizeli imefika, hewa haijafika. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui ikaisha, inatoka kama masizi. Sekunde chache baadaye tabo inashika kasi na moshi unapungua hadi kuwa kijivu. Injini iliyotunzwa vizuri hupita hatua hiyo upesi. Yenye nozeli zilizochakaa na tabo iliyochoka hutoa moshi mweusi njia nzima, na katika miaka ya vipuri adimu zilikuwa nyingi.

Abiria wa daraja la tatu ndio waliolipa. Kwenye joto la Kaliua madirisha lazima yawe wazi, na behewa la kwanza nyuma ya kichwa humeza kila kinachotoka juu. Wanaouza asali, karanga na mahindi ya kuchemsha hukimbilia madirisha hayohayo. Alfajiri, mtu akijifuta shingo kwa leso, leso inakuwa nyeusi. Kwa miaka mingi hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya safari, pamoja na kuchelewa.

Sayansi ilichelewa pia. Mwezi Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Kabla ya hapo ulihesabiwa tu kuwa huenda unasababisha. Ubaya wake hauko kwenye yale masizi makubwa yanayochafua leso, kwa kuwa pua na koo huyanasa mengi. Uko kwenye chembe ndogo zisizoonekana, ambazo hupita kooni, hufika mwisho wa mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashusha kikomo cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Hapa lazima tuwe wakweli kuhusu Mpanda. Treni chache za wiki haziwezi kuuchafua mji mzima. Hewa ya Katavi inachafuliwa zaidi na moto wa nyika unaowashwa kila kiangazi, majiko ya kuni na mkaa ndani ya nyumba, mabani ya kukaushia tumbaku, na vumbi. Mtu akisema tuweke umeme kwenye kilomita 210 za msituni ili watu wa Kashaulili na Makanyagio wapumue vizuri, nitamwambia pesa hiyo anunue majiko. Moshi wa treni unaumiza mahali pachache, lakini hapo unaumiza kwelikweli: uwanja wa Tabora ambako vichwa hupangwa, ndani ya karakana, na kwenye behewa lile la kwanza. Injini kuukuu, ikizimwa, ni shida kuiwasha. Betri zimechoka, upepo wa breki unashuka. Basi huachwa ikinguruma saa nyingi bila kazi, na fundi anafanya kazi yake chini ya bomba lake. Fundi wa namna hiyo haonekani kwenye takwimu za hewa ya mji.

Badiliko lililosafisha moshi wa reli ya Mpanda kuliko mengine yote katika miaka ya karibuni halikuhusu reli hata kidogo. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, baada ya miaka ya dizeli yenye salfa nyingi mara kumi na zaidi. Mafuta yaleyale yanayojaza lori na jenereta hujaza tangi la treni, kwa hiyo vichwa vya zamani vikaanza kunywa kitu safi zaidi bila kubadilishwa hata bolti moja. Hakuna aliyekata utepe. Na kwa kuwa simulizi hii ilianza na risasi, niongeze kuwa petroli yenye risasi ilikuwa imeshaondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Watoto wa nchi hizi walipunguziwa sumu ya madini yaleyale yaliyoileta reli Mpanda.

Upande wa vichwa vyenyewe, mambo yalikwenda kwa kusuasua. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kwa kampuni mpya, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51. Ndoa hiyo haikudumu. Upungufu wa vichwa ulikuwa mkali, na kichwa kikiwa kimoja huenda kwenye mzigo mkubwa, si kwenye tawi. Mpanda ilizoea kusubiri. Mwaka 2015 vikafika vichwa 13 vipya kutoka kampuni ya EMD ya Marekani, pamoja na mabehewa mapya ya abiria, na baadaye vichwa vitatu kutoka Malaysia. Sheria ya Reli ya 2017 ikarudisha jina la zamani, TRC. Vichwa vipya vya dizeli vinachoma vizuri kuliko vya ukoo wa ALCO, vinatumia mafuta kidogo kwa mzigo uleule, na wingu lile jeusi la kuondokea limepungua. Karakana ya Morogoro nayo imekuwa ikivifufua vya zamani. Kufufua kichwa kwa kukipa injini mpya ndani ya fremu ya zamani ni njia ya bei nafuu ya kupunguza moshi, na kwa maoni yangu haipewi heshima inayostahili kwa sababu haina sherehe.

Je, pamewahi kuwa na mahali ambapo moshi wenyewe ulifukuza injini? Pamewahi. Tarehe 8 Januari 1902, katika handaki la Park Avenue mjini New York, dereva wa treni ya mvuke alishindwa kuona taa ya ishara kwa sababu ya moshi na mvuke, akaigonga treni iliyokuwa imesimama mbele. Abiria 15 walikufa, wengi wao watu wenye nafasi zao waliokuwa wakienda kazini. Sheria ikapigwa haraka: kuanzia 1908, injini za mvuke marufuku katika Manhattan. Uswisi nayo iliweka umeme kwenye reli yake ya Gotthard kufikia 1922, lakini sababu ilikuwa nyingine: vita vilikata makaa ya mawe kutoka nje, na nchi ilikuwa na maporomoko ya maji. Karibuni zaidi, Septemba 2024, reli ya Caltrain kati ya San Francisco na San Jose, Marekani, iliacha dizeli. Watafiti wa Berkeley walipima masizi ndani ya mabehewa kabla na baada, wakakuta yamepungua kwa asilimia 89. Waliokuwa wakivuta moshi zaidi walikuwa abiria wenyewe, jambo ambalo abiria wa Kaliua angeweza kuwaambia bila kipimo.

Afrika Mashariki ilipoanza kujenga reli mpya, kila nchi ilichagua njia yake. Ethiopia iliunganisha Addis Ababa na Djibouti kwa reli ya umeme, iliyozinduliwa 2016. Kenya ilifungua Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 kwa vichwa vya dizeli kutoka China. Nchini Tanzania, tarehe 12 Aprili 2017, Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Pugu kwa reli ya umeme ya kilovolti 25, iliyojengwa na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Sababu zilizotajwa zilikuwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, gharama ndogo ya uendeshaji na umeme wa ndani badala ya mafuta ya kununuliwa kwa dola. Hesabu ileile ya Waswisi, kwa lugha nyingine. Vichwa vya umeme 17 na treni kumi za kisasa viliagizwa Hyundai Rotem, Korea Kusini.

Tarehe 14 Juni 2024 abiria wa kwanza walipanda Dar es Salaam kwenda Morogoro. Mwishoni mwa Julai treni ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi. Novemba ikaja ile yenye pua ndefu, ambayo watu waliipa jina la mchongoko kabla hata haijazoeleka. Treni hizi hazina bomba la moshi. Zikipunguza mwendo, mota zake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye nyaya. Zilikuwa na kasoro zake pia: siku zilezile za mwanzo treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na taarifa ya TRC ikawataja ngedere na bundi. Nchi nzima ilicheka wiki nzima. Lakini mfanyabiashara wa Dodoma aliyekuwa akikaa kwenye basi saa nane hakucheka sana, alikata tiketi nyingine.

Umeme huo nao unatoka mahali. Sehemu kubwa ni maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024 na kukamilisha yote mwaka uliofuata. Gesi inachomwa Kinyerezi, na ina moshi wake, ingawa hauna masizi ya dizeli. Kwa fundi wa karakana na abiria wa dirishani, tofauti ni kubwa.

Kwa Mpanda kulikuwa na kejeli ndani yake. Wakati Dar es Salaam ikijiandaa kuendesha treni kwa umeme wa gridi, mji wa Mpanda wenyewe haukuwa kwenye gridi. Tangu ulipokuwa wilaya ya Rukwa, hadi ulipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012, na kwa miaka mingi baada ya hapo, taa zake zilitegemea jenereta za TANESCO za dizeli. Dizeli ilivuka nusu ya nchi ili ichomwe Mpanda, na jenereta ikisumbua, mji ulikaa gizani. Kwa maana hiyo mji na treni yake waliishi kwa chakula kimoja. Dawa yake ni njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, kilomita 383 ndani ya miombo ileile iliyowahi kulisha injini za mvuke. Kuzima jenereta za mji kunaisafisha hewa ya Mpanda kuliko kubadilisha kichwa chochote cha treni, kwa sababu treni hupita na kwenda, ilhali jenereta hunguruma usiku na mchana karibu na nyumba za watu.

Reli ya umeme yenyewe inaelekea huko. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za China. Njia hiyo inapita Kaliua. Ikikamilika, abiria wa Mpanda atashuka Kaliua kutoka kwenye treni isiyo na moshi na kupanda ile ya dizeli kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja, labda kwa vichwa vile vilivyoachwa huru baada ya njia kuu kuhama. Hiyo ndiyo kawaida ya reli duniani kote: kichwa kipya huenda njia kuu, cha zamani kinateremshwa kwenye tawi, na moshi unateremka nacho.

Kuna mpango wa kuendeleza reli mpya kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema, kilomita zipatazo 320. Karema ni jina la zamani kwenye ramani. Wabelgiji waliweka kituo chao hapo mwaka 1879 wakitafuta njia ya kuingia Kongo, kisha mwaka 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Sasa serikali imejenga bandari ya kisasa palepale, kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, ikilenga upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Kalemie na Moba nchini Kongo, na shaba, kobalti na lithiamu zinazotafuta bahari. Malori yanayozunguka kupitia mpaka wa Tunduma na Nakonde yangepungua, na kila lori lililoondolewa barabarani ni bomba moja la moshi lililofungwa.

Kwa hiyo mzunguko umerudi kwenye madini. Mwaka 1950 risasi ya Mukwamba ilileta treni ya mvuke, na ikiwa treni ya umeme itafika Mpanda, italetwa na shaba ya Katanga, huko Kongo, kwa sababu kipande cha kilomita 320 hakiwezi kujilipa kwa mahindi, asali na tumbaku peke yake. Safari hii madini yanatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na reli ya Lobito, inayotoka kwenye machimbo hayohayo kwenda Bahari ya Atlantiki kupitia Angola, inayagombea pia kwa fedha za Marekani na Ulaya. Wakati mashauri hayo yakiendelea, lipo jambo dogo ambalo TRC inaweza kulifanya kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa Kaliua: vichwa vinavyolala Tabora vipewe betri nzima na pampu za upepo za umeme, ili vizimwe usiku badala ya kunguruma hadi asubuhi, na vile vya ukoo wa ALCO vinavyobaki visogezwe kwenye kazi za kupanga mabehewa mbali na abiria, huku vilivyofufuliwa vikipewa treni ya Mpanda.